Machicha ya Alfajiri

Mimi si mtu wa kuogopa. Nasema mapema, maana hapa Ihanda hamtakosa watu wa kuwaambia kwamba bibi mifugo Jenista alikimbia banda la Mama Lwitiko akaacha pikipiki inaunguruma. Uongo mtupu. Pikipiki niliizima kwanza, ndipo nikakimbia.

Lakini stori hii si yangu, ni ya Mama Lwitiko. Jina lake alilobatizwa ni Alinanuswe, mwanamke wa milimani Ileje, upande wa Isongole, aliyeletwa huku Mbozi kuolewa akiwa binti wa miaka kumi na tisa. Mpaka leo Kiswahili chake kinapanda na kushuka kama anatembea kwao. Ni mfupi, mwepesi wa miguu, anaimba kwaya ya akina mama kanisani, na ana ekari moja na nusu ya kahawa ambayo chini ya mibuni yake huokoti jani. Ukimtembelea anakupa kiti, anakupa ndizi, halafu anaendelea na kazi huku anakusikiliza. Hajui kukaa.

Mume wake, Deus, alikuwa mtu wa maneno machache na mluzi mwingi. Alikuwa na mluzi mmoja tu maishani mwake: sauti mbili za juu, halafu ya tatu inashuka na kuishia hewani kana kwamba amesahau ilipokuwa inaenda. Kwa mluzi huo aliita mbwa, aliita ng'ombe, aliita mke. Mama Lwitiko alikuwa akilalamika kila siku, "Mimi ni mbwa wako, Deus?" na huku anaitika. Deus alifariki miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, kwa kifua, akaacha watoto wawili, Lwitiko na Ruti.

Ruti ndiye aliyeolewa ng'ambo ya mto, kwa kijana anayeitwa Dennis, mfanyabiashara wa Tunduma anayevusha bidhaa kwenda Zambia, wiki nzima yuko mpakani, Jumamosi anarudi nyumbani. Mahari ilikuwa ng'ombe saba. Watano kaka yake Lwitiko aliwatoa mahari alipooa. Mmoja aliliwa siku ya sherehe. Wa saba alikuwa ng'ombe wa mama, yule anayepewa mama mzazi kwa ajili ya usiku aliokesha na mtoto mgongoni. Alikuwa mtamba chotara, mwekundu mwenye paji jeupe. Mama Lwitiko akamwita Shukrani.

Sasa ukoo wa Dennis wana mambo yao. Nimeishi Mbozi maisha yangu yote na sijayasikia kwa ukoo mwingine. Wao wanasema ng'ombe wa mama na binti wanatembea pamoja. Ng'ombe akizaa, ndama wa kwanza anarudi kwa waoaji, na hapo ndipo ndoa imefungwa. Asipozaa mpaka kahawa ya tatu ivunwe, wanakuja wanamchukua ng'ombe wao, binti anarudi kwa wazazi wake, na hakuna wa kumdai mwenzake chochote. Walilisema hilo mbele ya mshenga siku ya mahari, watu wakacheka, wakala nyama.

Mwaka juzi mwezi wa pili Mama Lwitiko alinipigia simu. Hakucheka.

"Daktari, njoo. Kahawa ya tatu ni ya mwaka huu, na Shukrani hajawahi kulia dume hata siku moja. Ruti naye bado. Watanirudishia mwanangu kwa aibu."

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija. Nina mtungi wa mbegu unaotoa moshi wa baridi ukifunguliwa, nina glovu inayofika begani, na nina mkono huu wa kushoto ambao umeingia ndani ya ng'ombe wengi kuliko mlango wa kanisa ulivyoingiza waumini. Nikaenda. Kulikuwa na ukungu ule wetu wa asubuhi, unaona tairi la mbele tu. Nilifika bandani nikamwona Shukrani amesimama ametazama chini, upande wa njia ya mtoni. Jamani, alikuwa amenenepa! Mgongo umejaa, mkia umezama kwenye mafuta, ngozi inang'aa ungedhani kapakwa samli.

Nikavaa glovu nikaingiza mkono. Ng'ombe wengine hupiga teke, hulalamika. Huyu aligeuza shingo akaniangalia mwanzo mpaka mwisho, na hakutoa sauti. Kwa ng'ombe aliye tayari, ukishika ovari unakutana na kivimbe kidogo kinachoteleza chini ya kidole. Humo ndimo yai linakomaa. Kwa Shukrani nilipapasa mafuta, nikapapasa mafuta tena, mpaka nikazipata ovari zake. Zilikuwa ndogo, laini, tupu kabisa. Umewahi kuingia nyumba yenye vyombo vyote, kitanda kimetandikwa, na hakuna mtu? Ndivyo ilivyokuwa. Nilitoa mkono haraka kuliko kawaida yangu.

"Mama Lwitiko, unamlisha nini huyu?"

"Namlisha vizuri."

"Vizuri ndiyo nini?"

"Machicha. Ndoo asubuhi, ndoo jioni. Ruti ananiletea kutoka kwa mama mkwe wake. Wale hawachoki kupika komoni."

"Ndoo mbili za machicha ya pombe! Kwa mtamba asiyekamuliwa hata kikombe! Mama, unafuga au unamtayarishia Krismasi?"

Akanikasirikia. "Sasa wakwe waje wamkute mbavu nje? Waseme mama yake Ruti mchoyo?"

Ruti mwenyewe alikuwepo, amesimama na ndoo yake, mtandio wa kitenge ameuzungusha mpaka mdomoni. Nilimuuliza kulikoni, akasema meno yanamuuma. Nikawaeleza wote wawili kile tulichofundishwa semina Mbeya. Mafuta si mzigo tu mwilini, nikasema. Mafuta yanatengeneza homoni, yanazimwaga kwenye damu, zinafika kichwani na zinafika kwenye ovari. Moja inaitwa leptini. Kazi yake ni kupeleka habari kwamba akiba ipo, yai likomae. Ng'ombe akikonda sana, habari haifiki, na mayai yanasubiri. Akinenepa kupita kiasi, habari hiyo hiyo inapelekwa kutwa kucha bila kupumzika mpaka mwili hauisikii tena, na homoni nyingine ya mafuta, inayolisaidia yai, inapungua. Mayai yanaanza safari, yanafia njiani. Wataalamu bado wanalichimba, lakini mimi mkono wangu umeshaona.

"Yaani mafuta yanasema?" Mama Lwitiko aliuliza, akamtazama ng'ombe wake kwa jicho jipya.

"Yanasema, mama. Na ya huyu wako humo ndani yanapiga kelele."

Ruti akauliza taratibu, "Kwa hiyo dada, akiendelea kunenepa, hazai kabisa?"

"Akiendelea hivi, hazai."

"Hata ukimwekea mbegu nzuri?"

"Nitaiweka wapi, Ruti? Hakuna yai la kuipokea."

Akatikisa kichwa. Mimi nikadhani ni uchungu wa mtu anayeona ndoa yake inaponyoka, nikamwonea huruma. Nikamwagiza mama yake: machicha basi kuanzia leo. Majani, maji, chumvi, na atembezwe. Mafuta yakipungua ataingia kwenye joto mwenyewe, nitakuja kumpandisha, na wakwe watamkuta na mimba.

Mwezi wa nne nikarudi. Shukrani alikuwa mnene zaidi.

Niliwaka. Mimi nikiwaka siangalii mtu mzima wala mtoto. "Mama Lwitiko, unanichezea! Mafuta ya pikipiki nanunua mimi!"

Yule mama alikwenda ndani akarudi na Biblia yake, ya Kindali, lugha ya kwao, imefungwa kwa kitambaa, akaishika kwa mikono miwili. "Daktari, sijagusa machicha tangu siku ile. Ruti alikuwa ameleta ndoo nikamrudisha nayo, siku hizi anampa nguruwe wa mama mkwe wake. Lakini kila alfajiri nikiamka, hori lina machicha. Mabichi. Na mbwa habweki."

"Nani anayaweka?"

Akatazama pembeni. "Deus alikuwa anamlisha alfajiri. Unajua. Alikuwa anatangulia kupiga mluzi ndipo anakuja na ndoo. Tukuswiga wa hapo jirani amekata majani asubuhi mara tatu, na mara tatu kausikia mluzi huko kwenye mibuni."

"Marehemu hapiki pombe, mama," nikamwambia. "Machicha yana mwenyewe."

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilimwona amekaa chini bila kazi mkononi.

Wiki iliyofuata nikaenda bila taarifa, saa kumi na mbili kasoro, ukungu mzito unaolowesha kope. Niliisimamisha pikipiki mbele ya banda, taa inawaka, ikapiga ukuta mweupe wa ukungu na kurudi machoni mwangu. Nikaingiza mkono kwenye hori. Machicha. Yalikuwa na uvuguvugu, na harufu ile chachu ikanipanda puani. Aliyeyaweka hakuwa amefika mbali. Shukrani alikuwa anatafuna bila kuniangalia mimi. Alikuwa anaangalia nyuma yangu, juu kwenye kahawa. Mbwa wa nyumba alikuwa amekaa kando yake, anatikisa mkia kwa mtu nisiyemwona.

Halafu nikasikia mluzi. Nikasema ni masikio yangu, ni injini hii. Nikaizima ili nisikie vizuri. Nikasikia vizuri. Sauti mbili za juu, ya tatu ikashuka ikaishia hewani. Deus nilikuwa nimemzika, jamani! Nilitupa udongo kwa mkono wangu! Hapo ndipo nilipokimbia, na yeyote anayenicheka naomba aje asimame pale.

Mama Lwitiko alinipokea mlangoni, akanikalisha, akanipa chai ya rangi. Hakuniuliza nimeona nini. Alisema tu, "Sasa unajua," na akaanza kulia. Alikuwa anaogopa kitu kimoja. Kwamba Deus amekasirika, kwamba ana neno juu ya ndoa ile, na kwamba neno lenyewe hawezi kulisema, analilisha ng'ombe. Semina ya Mbeya haikufika huko.

Tulikubaliana tumvizie. Mimi sikutaka, nasema kweli, lakini aibu ya kukimbia ilikuwa inanitafuna kuliko hofu. Mwishoni mwa mwezi wa tano nikalala kwake, na alfajiri ilipoanza kupambazuka tukajibana wawili kwenye jiko la nje, lile la miti lililo karibu na banda. Tundu za ukuta zilitosha jicho. Baridi ilikuwa ile ya kugonganisha meno. Nilikuwa na mkoba wangu wote, na sindano ya kumwingiza ng'ombe kwenye joto, kwa sababu nilikuwa nimepania: leo huyu mchezaji nikimkamata, machicha yanakwisha, na kahawa haijavunwa bado, tutawahi.

Mluzi ukaanza. Ulitoka juu, kwenye mibuni, kama kawaida. Shukrani akainua masikio. Mama Lwitiko alinishika mkono, kucha zikaniingia.

Halafu mtu akatokea. Hakutokea juu. Alitokea chini, upande wa mtoni, ndani ya ukungu, mrefu, amevaa koti la mvua la Deus, lile la kijani lenye kiraka cheusi begani, kofia yake imefunika uso. Ana ndoo.

"Deus," Mama Lwitiko aliita. Aliita kwa sauti ya chini tu, kama mtu anayemwita mumewe aje kula. Mimi nilikuwa nasema Yesu wangu, Yesu wangu, na zaidi ya hapo sikumbuki.

Yule mtu alisimama. Akaweka ndoo chini. Akavua kofia, na alikuwa Ruti.

Hofu ikinitoka huwa inatoka kwa mdomo. Nikafungua mlango wa jiko kwa teke. "Wewe mtoto una wazimu? Mama yako anakonda kwa mawazo, mimi nimekuja kupoteza mbegu za serikali, kumbe ni wewe! Na koti la marehemu!"

"Koti nilipewa siku ya kuanua tanga, dada. Mama mwenyewe alinipa."

"Na mluzi huo wa kututia presha?"

"Mluzi gani?"

"Huo uliopiga sasa hivi huko kwenye kahawa!"

"Mimi nimetokea mtoni, dada. Nakuja kwa kuiba, nipige mluzi ili iweje?" Kisha akashusha kitenge mdomoni, na ndiyo mara ya kwanza mwaka ule kumwona uso mzima. "Na hata ningetaka, ningepigaje?"

Meno mawili ya mbele, ya juu, hayakuwepo.

Mama Lwitiko alimwendea polepole. Alinyoosha kidole akagusa ufizi wa mwanawe pale penye pengo, alivyokuwa akimgusa alipokuwa anaota meno. "Lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Uliniambia yanauma."

"Yaliuma, mama."

Shukrani alikuwa ameshaanza kula kwenye ndoo pale pale chini, na tulimsikia anavyotafuna. Basi Ruti akasema yote, haraka, bila kulia, maana alikuwa amemaliza kulia siku nyingi. Dennis anarudi Jumamosi na kinywaji, Jumapili anaomba msamaha, Jumatatu anaondoka. Ruti akikimbia mwenyewe, ndoa imevunjwa na upande wa mwanamke, na ng'ombe wote wanarudishwa, na wale watano wa Lwitiko wako kwa wakwe zake Lwitiko. Kaka angenyang'anywa mke, watoto wakiwa bado mikononi. Njia ilikuwa moja tu, ile waliyoitamka wao wenyewe mbele ya mshenga. Shukrani asizae.

"Siku ile dada Jenista alivyosema mafuta yanazuia yai, niliona Mungu amenifungulia mlango," alisema. "Machicha ni ya mama mkwe. Natoka akiwa anachuja pombe, narudi kabla hajaita."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Huyu alificha ili ng'ombe asizae, na mimi ndiye niliyemfundisha namna.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" mama yake aliuliza.

"Nilikwambia. Krismasi ya kwanza. Nilikuonyesha mkono. Ukasema ndoa ni kuvumilia, mwanangu, hata mimi nimevumilia."

Mama Lwitiko alisimama akitazama kule juu kwenye mibuni, kwenye ukungu. Uso wake sitausahau. "Nilivumilia nini mimi?" akasema. "Deus hakuwahi kuninyooshea hata kidole. Nilivumilia mluzi wake tu."

Kisha akainama, akaichukua ile ndoo, akaimwaga yote kwenye hori. "Kula, mama," alimwambia ng'ombe. "Kula ushibe."

"Mama Lwitiko," nikasema, "mimi nalipwa kuzalisha ng'ombe."

"Basi huyu mpite. Wako wengi." Akaniangalia. "Ndaga, mwanangu, kwa yale uliyotufundisha. Sindano yako rudi nayo."

Nikarudi nayo. Mpaka leo kwenye daftari la kazi tarehe ile nimeandika *ng'ombe hakuwa tayari*, na sidhani kama nimedanganya.

Ruti hakurudi ng'ambo hata siku moja. Mama yake alituma salamu kwamba mibuni imeiva yote kwa mpigo na anamwomba binti amsaidie kuchuma, jambo ambalo mkwe gani atalikataa msimu wa kahawa? Na machicha akaenda kuyatafuta mwenyewe. Mwanamke wa kwaya, amevaa kitambaa cheupe kichwani, anaingia klabu ya pombe mchana kweupe na ndoo! Mzee wa kanisa alimwona akamuuliza kulikoni. Akajibu, "Namlisha ng'ombe wa mahari, mzee. Ni kazi ya Bwana." Akapita. Nilicheka nikakaa chini barabarani.

Walikuja mwezi wa saba, kahawa ya mwisho ikiwa kwenye vichanja. Walikuwa watatu: baba yake Dennis, mshenga, na Dennis mwenyewe na koti lake la ngozi la Tunduma. Mimi niliitwa kama mtaalamu. Ukungu haukuwa umeondoka, ingawa ilikuwa saa tatu imepita. Mama Lwitiko aliwakaribisha viti, akawapa ndizi, halafu akabeba ndoo mbele ya macho yao akammwagia Shukrani machicha mpaka hori likafurika. Yule ng'ombe alikuwa mnene mpaka anatembea kwa kuhema.

Baba yake Dennis alimzunguka, akampiga kofi la mgongo. "Bibi mifugo, sema mbele ya watu. Huyu atazaa?"

Nilimwona Ruti mlangoni, kitenge mdomoni.

"Kwa hali hii aliyo nayo, mzee, hazai," nikasema. Ilikuwa kweli tupu.

"Basi ni kama tulivyosema siku ile. Ng'ombe tunaondoka naye, binti anabaki. Hakuna wa kumdai mwenzake. Tulimchukua mzima, tunamrudisha mzima."

Nadhani angeishia kwenye *binti anabaki* mambo yangekwisha hapo. Mama Lwitiko alikuwa ameshika ndoo tupu. Akaiweka chini.

"Mzima?" alisema. "Ruti, njoo hapa. Shusha kitenge."

Ruti akaja. Akashusha.

"Mlimchukua na meno thelathini na mawili," Mama Lwitiko akasema. "Hesabuni."

Mshenga alikohoa. Mzee aliutazama ule mdomo, halafu akamtazama mwanawe, na mimi namwamini kwamba alikuwa hajui. Dennis alitazama viatu vyake. Kisha, kama wanavyofanya waoga, akakasirika, akaikamata kamba ya Shukrani akaivuta. Ng'ombe hakusogea. Akavuta kwa nguvu zote, viatu vinateleza kwenye tope, anamtukana. Ng'ombe amesimama tu.

Mluzi ukapigwa. Juu, kwenye mibuni, karibu kuliko siku zote. Sauti mbili, na ya tatu ikashuka.

Shukrani aliinua kichwa, akalia. Miaka mitatu hakuna aliyewahi kusikia sauti yake, na alilia kwa nguvu mpaka vichanja vikatikisika. Mbwa alinyanyuka akapanda mbio kwenye kahawa, mkia juu, akapotelea kwenye ukungu. Nasi wote sita tukafanya jambo moja: tulitazamana midomo. Hakuna mdomo uliokuwa umechongoka. Dennis aliiachia kamba, ikadondoka, na sura yake ilikuwa ya majivu. Alikuwa anaujua ule mluzi. Alikuwa ameusikia kila alipokuja kuposa.

Waliondoka bila kuaga. Walipofika njia panda, mzee aligeuka, nadhani kwa mazoea tu, maana ukoo ule haujui kuondoka mikono mitupu. "Ng'ombe huyo bakini naye!" akapaza sauti. "Lakini ndama wa kwanza ni wetu! Ndivyo ilivyo!"

"Tumesikia!" Mama Lwitiko alijibu.

Siku hiyo hiyo machicha yalikoma, na safari hii hori lilibaki tupu kila asubuhi. Mluzi sijausikia tena, wala Tukuswiga, wala mtu mwingine. Kufikia mwezi wa kumi na moja mbavu mbili za mwisho za Shukrani zilianza kuonekana kwa mbali, kama ninavyopenda. Nikaingiza mkono, na kwenye ovari ya kulia kile kivimbe kikateleza chini ya kidole changu. Nilipiga kelele za furaha nikiwa bado nimo ndani mpaka begani. Alishika mimba mrija wa kwanza, akazaa mwaka jana mwezi wa nane, ndama jike mwekundu mwenye paji jeupe.

Habari zilivuka mto. Haikuisha wiki, mshenga akaja peke yake, kofia mkononi, hataki kukaa. Alisema ametumwa. Alisema anajua mambo yalivyokuwa, lakini neno ni neno, na lilitamkwa mbele ya watu, na Mama Lwitiko mwenyewe aliitika.

Mama Lwitiko alikuwa anamkamua Shukrani. Hakunyanyuka. Ruti alikuwa amekaa kando amemshika ndama shingo, bila kitenge, anacheka kwa lile pengo lake.

"Ni kweli niliitika," alisema Mama Lwitiko. "Ndama wao yuko hapa, mwenye afya. Waambie wayalete yale meno mawili, waje wamchukue."